Hofu ya Mwenye Gunia na Hofu ya Mwenye Kopo

Mji wa Bunia, mkoani Ituri, mashariki ya Kongo, unakula kwa njia chache, na kila mkaaji wake anazijua. Kaskazini kuna barabara ya taifa namba 27, inayopita Iga Barrière, ikakata teritware ya Djugu hadi Mahagi na mpaka wa Goli, upande wa Uganda. Mashariki kuna njia fupi inayoteremka hadi Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert, ambako mitumbwi ya injini huvusha mizigo kutoka Ntoroko. Kusini-magharibi kuna Komanda. Ukifika hapo, ama unashika njia ya Beni, Butembo na mpaka wa Kasindi, ama unaingia msitu mrefu wa Mambasa hadi Kisangani. Zaidi ya hapo inabaki ndege, na ndege haibebi chumvi ya maskini.

Kwa njia hizo huja sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, mabati, misumari na petroli. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo imesafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka bandari ya Mombasa, ikapita Malaba na Kampala. Mihogo, maharagi na mboga vilikuwa vinatoka karibu, katika vijiji vya Djugu na Irumu. Lakini tangu Desemba 2017 mashambulizi ya wanamgambo wa CODECO na ya vikundi vingine yamewafukuza mamia ya maelfu ya watu mashambani, na wengi wameishia Bunia kwenyewe, katika kambi kama Kigonze. Aliyekuwa akileta besani ya maharagi sokoni sasa amesimama upande wa pili wa meza, anauliza bei.

Katika kartye Ngezi, kama katika kartye nyingi za mji, habari ya njia hufika kabla ya mzigo. Dereva aliyekwama Komanda humpigia simu mke wake. Mke humwambia jirani, na motari anayengoja abiria kwenye kona anasikia. Kabla ya saa sita mchana mtu anasimama mbele ya butiki.

“Mama, chumvi iko?”

“Iko. Lakini bei ya asubuhi imekwisha.”

Ndani ya butiki hiyo hakuna kilichopungua tangu asubuhi. Magunia ni yaleyale, sabuni zimepangwa vilevile nyuma ya waya. Ila mama mwenye butiki ameshapiga hesabu ya kesho. Akienda depo kuchukua gunia jingine, ataambiwa bei mpya, na akiwa ameuza hili la leo kwa bei ya jana, fedha iliyo mkononi haitatosha kulirudisha. Gunia likishindwa kurudi, butiki imekufa. Kwa hiyo bei anayotaja ni ya gunia ambalo bado halijafika, na hilo watu wa mshahara hulisahau haraka sana wanapomwita mwizi.

Nimeyasikia maneno hayo kila mara bidhaa zinapoadimika. Viongozi husema wafanyabiashara wana roho mbaya, na wafanyabiashara husema wateja wamepatwa na wazimu. Walioshiba husema watu wetu hawana ustaarabu, wanakimbilia dukani kama hakuna kesho. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayenunua chumvi ya mwezi mzima kwa sababu amesikia msafara umeshambuliwa ana akili timamu, na anaifahamu barabara yake. Tarehe 1 Septemba 2021 magari yaliyokuwa yakisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na jeshi, yalishambuliwa karibu na Ofaye, kati ya Komanda na Luna. Watu waliuawa, wengine wakatekwa, magari yakachomwa moto. Baada ya habari kama hiyo, kumwambia mtu wa Ngezi asubiri kwa utulivu ni kumtaka asiamini macho yake.

Tatizo lipo, lakini halimo katika akili za watu. Chukua kartye yenye familia 1,000, kila moja ikitumia kilo mbili za sukari kwa wiki. Tuseme depo zina tani nne, yaani sukari ya wiki mbili, na lori linatarajiwa siku ya kumi. Mambo ni salama. Usiku wa Jumanne inasikika kwamba barabara imefungwa. Familia 500 zenye fedha kidogo zinanunua kilo sita sita, na tani tatu zimeondoka siku moja. Inabaki tani moja kwa familia 500 nyingine, ambayo ni sukari ya wiki moja tu, na lori limeshachelewa. Hakuna aliyekuwa mlafi hapo. Kilo sita za sukari ni kitu gani katika nyumba ya watu wanane? Wala hakuna gramu moja iliyotoweka mjini: sukari yote ipo, imelala chini ya vitanda. Wanaorudi kutoka butiki mikono mitupu ni wale ambao Jumanne ile hawakuwa na fedha.

Mwanasosholojia wa Marekani Robert Merton alieleza jambo hili mwaka 1948 kwa mfano wa benki nzima, isiyo na dosari yoyote, inayoanguka kwa sababu tu wateja wameamini kwamba itaanguka na kila mmoja amekwenda kutoa fedha yake. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kwa Bunia. Benki ya Merton ilikuwa nzima kabla ya uvumi. Barabara ya Komanda haikuwa nzima. Ndiyo maana ni lazima kutenganisha uadimu unaozaliwa na hofu na ule unaoizaa hofu, na kwa bahati ya historia mwezi mmoja tu unatupa mifano yote miwili.

Mwanzoni mwa Novemba 1973, katika mji mpya wa Senri karibu na Osaka, Ujapani, mamia ya wanawake walipanga mstari mbele ya duka kununua karatasi za chooni. Vita vya Mashariki ya Kati vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta, serikali ilikuwa imewaomba wananchi wabane matumizi ya karatasi, na uvumi ukaenea kwamba karatasi itakwisha. Rafu za Osaka zilikauka, kisha za miji mingine. Viwanda vilikuwa vinaendelea kutengeneza karatasi kama kawaida. Huo ulikuwa uadimu uliozaliwa na hofu, na uliondoka pamoja nayo.

Tarehe 30 ya mwezi huohuo, Kinshasa, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa kwa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Katika miji ya mashariki na kaskazini, Bunia ikiwemo, biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Wahindi, Wapakistani na Wareno. Waliopewa maduka hayo mara nyingi walikuwa watu wa chama na marafiki wa watawala. Wengi waliuza mali iliyokuwa kwenye rafu, wakala fedha, na hawakuwa na mahali pa kuagiza nyingine, kwa sababu mkopo, uhusiano na muuzaji wa Mombasa au Antwerp na imani ya miaka mingi vilikuwa vimeondoka na mwenye duka wa zamani. Milango ilibaki wazi, ndani hamna kitu. Mwaka 1976 serikali ilikuwa inawaita wenyewe warudi. Hapo hata ungewatuliza watu wote wa Zaire kwa maneno matamu, sabuni isingerudi dukani, maana kilichovunjika kilikuwa mnyororo wa kuileta.

Wazee wa Bunia waliopitia miaka ile wamebaki na funzo ambalo wachumi hawalipi uzito. Siku ya Krismasi ya mwaka 1979 serikali iliondoa noti za zaire tano na kumi, ikawapa watu siku chache kuzibadilisha, na kwa kiasi chenye kikomo. Mwenye akiba chini ya godoro, mbali na benki, alibaki na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, nayo ikayeyuka kwa mfumuko wa bei kama ile ya kwanza. Mtu aliyeona hayo akipata fedha hanunui gunia la chumvi kwa sababu ya kuogopa njaa peke yake. Ananunua kwa sababu chumvi haifutwi kwa amri ya Krismasi. Katika nyumba nyingi gunia ni benki, na tukiliita kosa tumpe kwanza mwenye nalo mahali pengine pa kuweka jasho lake. Dola imeichukua nafasi hiyo kwa wenye nazo.

Kuna hofu nyingine, isiyotajwa sana, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayouweka mji hatarini kuliko ya wanunuzi. Ni ya mwenye depo. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo walipigania Bunia mtaa kwa mtaa. Maelfu ya watu walikimbilia kiwanja cha ndege na makao ya Umoja wa Mataifa, na soko na maduka yakaporwa, mpaka askari wa Ulaya walioongozwa na Wafaransa walipoingia mwezi Juni. Aliyekuwa na ghala limejaa siku ile aliwafanyia kazi waporaji. Tarehe 4 Septemba 2020 wapiganaji wa CODECO waliingia mjini na silaha zao mchana kweupe, wakidai wenzao wafunguliwe kutoka gereza kuu, na siku hiyo wenye maduka walikumbuka tena. Februari 2025, Bukavu ilipokuwa inaangukia mikononi mwa waasi wa M23, ghala za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ziliporwa karibu tani 7,000 za chakula, na habari hizo zilisikika Bunia kama zilivyosikika kila mji wa mashariki.

Mfanyabiashara aliyejifunza hivyo hajazi ghala. Anaagiza mzigo wa siku chache, anauza, anaagiza tena. Anagawanya mali: kidogo dukani, kidogo nyumbani kwa shemeji, kidogo upande wa pili wa mpaka kikingoja. Kwa upande wake hiyo ni busara kamili. Lakini mji unaolishwa na wafanyabiashara wa aina hiyo hauna akiba. Lori likichelewa siku tatu, pengo linaonekana hadi kwenye butiki ya mwisho ya Ngezi. Kwa hiyo tunapoona rafu tupu na kusema watu wamezikimbilia, tukumbuke zilikuwa karibu tupu tangu mwanzo, na waliozifanya hivyo ni waliopora, si walionunua.

Machi 2020 hofu hizo zote zilikutana. Tarehe 26, gavana wa Kinshasa, Gentiny Ngobila, alitangaza kwamba mji utafungwa kuanzia Jumamosi tarehe 28 kwa sababu ya virusi vya korona, kwa vipindi vya siku chache chache katika majuma matatu. Mji wa mamilioni ya watu, ambao wengi wao hununua chakula cha siku kwa fedha ya siku, ulipewa muda wa kuhesabu saa. Watu walijaa masokoni, bei zikaruka siku ileile, na kesho yake amri ikaahirishwa, gavana mwenyewe akitaja kupanda kwa bei na hatari ya vurugu. Mwisho wake ni komini ya Gombe peke yake iliyofungwa, tarehe 6 Aprili. Huenda hakuna amri katika historia ya Kongo iliyoshindwa haraka vile kwa nguvu ya vikapu.

Upande wetu wa nchi jicho lilikuwa Uganda. Tarehe 22 Machi Rais Museveni alifunga mipaka kwa abiria, mizigo ikaruhusiwa. Lakini madereva walilazimika kupimwa, na huko Malaba malori yalipanga mstari wa kilomita nyingi. Katika majuma hayohayo bei ya chumvi ilipanda ghafla Uganda, serikali ikawaonya wafanyabiashara. Kwa nini chumvi? Virusi haviharibu chumvi, wala chumvi haiozi. Ni kwamba chumvi haina badala. Sukari ikikosekana, chai inanyweka bila sukari, na mchele ukipanda watu wanarudi kwenye ugali wa muhogo. Sombe isiyo na chumvi hailiki. Na kwa kuwa chumvi ni rahisi na haiharibiki, hata mwenye fedha kidogo anaweza kujiwekea akiba yake. Ndiyo maana katika nchi zilizo mbali na bahari hofu ya sokoni huanzia hapo.

Pande hizi zinalijua jambo hilo kwa karne nyingi. Ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Kibiro upande wa Bunyoro, wanawake huchemsha chumvi kutoka kwenye udongo unaolowa maji ya chemchemi za moto, kila mmoja na kiwanja chake anachorithi. Chumvi hiyo ilivuka ziwa kwa mitumbwi hadi pwani ya Kongo muda mrefu kabla hapajakuwa na mpaka wa kufunga. Anayesikia leo kwamba Goli imefungwa na akakimbilia chumvi kabla ya kitu kingine anafanya ambacho mababu wa pande mbili za ziwa wangekielewa mara moja.

Sasa tufike kwa mwenye kopo, maana yeye ndiye sababu ya sura hii.

Katika butiki ya Ngezi gunia halikai muda mrefu likiitwa gunia. Likifika hufunguliwa, na chumvi, sukari au unga huanza kupimwa kwa kopo. Mafuta hutoka kwenye bidoni hadi chupa ndogo, na kwa asiyefikia chupa, hadi mfuko mwembamba wa plastiki uliofungwa fundo, mafuta ya mboga moja. Sabuni ya mche hukatwa vipande kwa uzi. Mama anayeuza nyanya barabarani, motari anayelipa kila jioni versement kwa mwenye pikipiki, mvulana anayebeba matofali: hao wote hupata fedha saa kumi na moja jioni na kuitumia saa kumi na mbili. Kilo nzima kwao ni mtaji. Wakisikia njia imefungwa, wanaogopa kuliko mtu yeyote mjini, lakini hofu yao haiwezi kununua kitu. Wanachukua kopo lao moja kama jana, wanarudi nyumbani, na asubuhi wanakuta bei nyingine.

Na bei ya kopo haipandi kama bei ya gunia. Tuseme depo imeongeza sehemu moja ya kumi. Mwenye kununua gunia atalipa sehemu hiyohiyo moja ya kumi. Lakini kopo la faranga 500 haliwezi kuwa 550 mahali ambapo noti ndogo ni adimu na chenji ni ugomvi. Litakuwa 600, au 700. Au litabaki 500, na kitu kingine kitabadilika. Siku za neema muuzaji hulijaza kopo mpaka chumvi inafanya kilima juu, na mteja humwangalia akiongeza kidogo kwa vidole. Siku za uadimu kiganja kinapita juu ya kopo, kilima kinasawazishwa, na hakuna anayeongeza. Ukiligeuza kopo lenyewe unaweza kukuta kitako kimebonyezwa kwa ndani. Ofisi ya takwimu itaandika kwamba bei ya kopo haikubadilika.

Amartya Sen, mtaalamu wa uchumi kutoka India, alikuwa mtoto wa umri wa shule wakati wa njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu kati ya milioni mbili na tatu. Alipokuja kuichunguza, akaandika kitabu mwaka 1981, alionyesha kwamba chakula cha Bengal mwaka ule hakikuwa kimepungua sana kuliko miaka ya karibu. Vita vilikuwa vimepandisha bei, wenye uwezo na walanguzi walikuwa wamenunua na kuweka, na mishahara ya vibarua wa vijijini haikufuata. Walikufa wakipita karibu na ghala zenye mchele. Sisemi kwamba Bunia ni Bengal. Nasema kwamba swali la Sen ndilo la kuuliza kila mara tunapoambiwa “bidhaa zipo” au “bidhaa hazipo”: zipo kwa nani?

Serikali zinapobanwa hupenda kujibu kwa polisi, nazo zina sheria za kuegemea. Kongo inayo sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, na wakaguzi wa uchumi wana haki ya kuingia depo na kudai hati. Ulanguzi wa kweli upo, na anayefunga milango huku mali imejaa ndani akingoja watu walie anastahili kuadhibiwa. Ila tutazame yaliyowapata Watanzania. Mwaka 1983, baada ya vita vya Kagera na miaka ya ukosefu wa fedha za kigeni, wakati sabuni, sukari na kanga zilipatikana kwa foleni na kwa kujuana, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Maelfu walikamatwa. Wengine, kwa kuogopa kukutwa na mali ambayo hawakuwa na risiti zake, waliitupa usiku vichakani au kuifukia ardhini. Nia ya Sokoine ilikuwa safi, na Watanzania wengi wanamheshimu mpaka leo, lakini msako ule haukuweza kutengeneza sabuni. Maduka yalianza kujaa baada ya bajeti ya Juni 1984 kuwaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi.

Wakenya walijaribu njia nyingine mwaka 2017. Mahindi yalikuwa yameadimika kwa ukame, na kuanzia Mei serikali ililipa ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe shilingi 90. Supamaketi zilimwekea mteja kikomo cha pakiti, na mistari ikawa mirefu. Njia hiyo ilikuwa ya heshima zaidi kuliko msako, lakini nayo ilimwangukia nani? Anayeweza kufika supamaketi mapema na kusimama saa mbili. Vibanda vya mitaani, ambako maskini hununua, mara nyingi havikuuona unga huo.

Lazima pia tuwe wakweli kwamba mambo mengine Bunia haiyawezi kabisa. Januari 2008 Kenya ilipoingia katika vurugu za baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera na malori yakasimama njiani. Petroli ikawa dhahabu Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo. Januari 2022 madereva walipogoma kupimwa korona kwenye mipaka ya Kenya na Uganda, petroli ilikauka tena Uganda, na njia ya kwenda Ituri inaanzia kwenye pampu hizohizo. Mkaaji wa Ngezi hakupiga kura Nairobi, lakini alilipa nauli ya motari kwa bei ya Nairobi. Pembezoni mwa barabara wauzaji wa petroli ya chupa, wanaoitwa Kadhafi, walikuwa ndio kituo cha mwisho kilichobaki, na waliowalaani kwa bei zao ndio waliowakimbilia asubuhi.

Yanayowezekana ni madogo, na yanahitaji watu wanaoheshimu akili ya mnunuzi. Kwanza ni habari. Bunia ina redio zake, Candip ikiwa ya zamani kuliko nyingi. Ni wapi imeandikwa kwamba redio itangaze vifo vya barabarani peke yake? Asubuhi mji uambiwe malori mangapi yamepita Komanda jana, mangapi yamepita Iga Barrière, nini kimeshushwa Kasenyi, na bei ya gunia katika depo ni kiasi gani. Wenye kuyajua hayo wapo: forodha, shirikisho la wafanyabiashara FEC, chama cha madereva, wanajeshi wanaosindikiza misafara. Siku lori halikupita, litajwe pia. Mtu anayeambiwa ukweli siku mbaya ataamini siku nzuri, na yule anayeambiwa kila siku kwamba “hali imedhibitiwa” huku akiona moshi atanunua gunia, kama anazo fedha za kununulia.

Jingine ni deni. Nimezungumza sana juu ya chumvi na sukari, lakini kitu cha kwanza kuadimika katika butiki za Ngezi njia inapofungwa ni deni. Kila butiki ina daftari, majina ya wateja na kiasi wanachodaiwa, na kwa familia nyingi daftari hilo ndiyo akiba pekee waliyo nayo: mtoto akiugua katikati ya wiki, au pikipiki ikiharibika, nyumba inakula kwa daftari mpaka Jumamosi. Uadimu ukija, mama mwenye butiki hulifunga. Depo inamdai fedha taslimu, na depo nayo inadaiwa taslimu na muuzaji wa Uganda. Katika siku ambazo mwenye gunia amelindwa na gunia lake, mwenye kopo ananyang'anywa kinga yake ya pekee, na hakuna takwimu inayoandika hasara hiyo.

Kwa hiyo fedha ya dharura, kama serikali ya mkoa au mashirika ya misaada yanayo, ifike kwenye butiki kabla ya kufika kwenye ghala kubwa. Mikopo midogo ya majuma mawili au matatu kwa wenye maduka ya kartye, ili waweze kurudisha gunia bila kufunga daftari, ingelinda nyumba nyingi kuliko mgao wa kilo tano za unga kwa foleni. Makundi ya likelemba ya wanawake wa sokoni, wanaochangiana fedha kwa zamu, tayari yanafanya kazi inayofanana na hiyo kila wiki. Yanawajua wanaolipa na wasiolipa, na yanajua ni nani mwenye watoto wengi kuliko kipato chake. Sijasikia yakiitwa kwenye mkutano wowote wa kujadili bei mjini, ambako meza hujaa wenye depo, maofisa na askari.

Waitwe. Waketi na daftari zao mkononi, na mwenye depo aulizwe mbele yao gunia lililofika jana lilimgharimu kiasi gani.